Safu ya Kumi na Tisa

Miaka thelathini na mmoja nilisimama
mbele ya mashine sita, kiwanda cha pamba, Łódź,
mtande umetandwa kama mvua isiyotua chini,
mshindio ukikata njia kushoto, kulia, kushoto,
hata leo sikio langu moja ni gunzi tu.
Nimefuma shuka za hospitali, za hoteli, za jeshi,
kitambaa cha kuuzungushia mji huu mara mbili na chenji ikabaki,
wala simjui hata mtu mmoja aliyelala ndani yake.

Sasa nina kulabu moja,
ya chuma, nene kama kidole cha mwisho,
na madonge manne ya sufu, rangi ya siagi,
niliyoyapata soko la Bałuty kwa bei ya kugombana.
Genowefa, mwenzangu wa zamu ya usiku,
alinifundisha kroshia mezani jikoni, kati ya chai na chai:
zungusha uzi, penyeza, vuta, pitisha.
Vitanzi tisini vya kuanzia.
"Unakaza," akasema. "Unafuma kama anayefunga mbuzi."

La nani, akauliza.
La mtoto wa ghorofa ya chini.
Akaitua birika.
Yule Jagoda? Aliyekushtaki kwa mwenye nyumba?
Yule yule.

Maana mwaka mzima hatusalimiani,
mimi na redio yangu inayopaza kwa ajili ya gunzi,
yeye na baiskeli yake ngazini;
mimi nagonga sakafu kwa ufagio,
yeye anagonga dari kwa sijui nini,
mazungumzo yetu yote yakawa ya mbao.
Kisha Februari, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha,
ukapanda mlio mwembamba kupitia bomba la maji moto.
Nikalilalia sikio zima.
Bado nikausikia.

Basi tukawa tunakesha, watu watatu, ghorofa mbili.
Akilia, nafuma. Akinyamaza, nahesabu.
Safu ya saba ni msokoto wa tumbo.
Safu ya kumi na mbili, mama naye alilia.
Safu ya kumi na tisa nilisinzia,
nikaruka vitanzi viwili,
nikagundua alfajiri, nimekwishafika thelathini.

Kiwandani kosa lilikuwa na bei.
Msimamizi alipitisha kitambaa juu ya taa:
doa moja la mwanga, na mshahara umepungua.
Nikaliinua blanketi dirishani kama yeye,
nikaliona tundu, dogo, jicho la panya.
Nikaushika uzi nifumue.
Chini, kimya.
Kimya cha kwanza kwa siku tisa.
Nikauachia.

Jumapili nikashuka. Ngazi kumi na nne.
Mkono mtupu haulambwi, wasema;
huu wangu wenye kitu
nao sikutarajia uambiwe karibu.
Jagoda akafungua, nywele hazijachanwa,
shati lina maziwa begani.
Nilikuwa nimeandaa hotuba.
Nikasema, "Lioshe kwa maji baridi."
Akasema, "Redio yako imeharibika?"
"Nimeipunguza."
Akalichukua.
Nikasimama pale nikingoja mlango ubamizwe.
Ukafungwa kama unavyofungwa mlango wa chumba cha mgonjwa.

Juni nikaliona kambani, uani.
Kaliosha kwa maji ya moto, bila shaka kaliosha kwa maji ya moto,
limesinyaa, limebaki la kufunikia mkate.
Nikachukia mpaka ngazi ya nane.
Kisha, siku nyingine, kwenye nyasi karibu na mapipa,
nikamkuta Ignacy amelilalia kwa tumbo,
kashindilia kidole tunduni, safu ya kumi na tisa,
na anakitazama kinavyochomoza upande wa pili,
kinyevu, chekundu,
kama mgeni aliyebisha hodi.